Uluguru kwa siku moja: njia ipi, mwezi gani

Shuka stendi ya Msamvu, Morogoro, mwezi wa Agosti, kisha tazama kusini. Mjini jua linawaka na vumbi linatimka nyuma ya bajaji, ilhali kilele cha Lupanga hakionekani kwa wingu. Wageni wengi hudhani hali hiyo itapita baada ya muda. Haipiti, au ikipita ni kwa saa mbili tatu za asubuhi. Anayetaka kupanda Uluguru na kurudi siku hiyohiyo ajue kwanza kwamba mlima huu haufuati hali ya hewa ya Morogoro mjini.

Sababu yake iko baharini. Upepo wenye unyevu unatoka Bahari ya Hindi, unavuka tambarare za Pwani bila kizuizi cha maana, halafu unakutana na ubavu wa mashariki wa Uluguru. Unalazimika kupanda, unapoa, na mvua inamwagika hapohapo. Upande wa Kinole na Matombo hupata mvua karibu kila mwezi wa mwaka. Mji uko kaskazini-magharibi, nyuma ya mlima, unabakiziwa kidogo. Kwa hiyo masika, vuli na kiangazi tunavyovijua ni vya mjini na vya miteremko ya chini. Kileleni mvua inaweza kukunyeshea mwezi wowote, na ndiyo maana nashauri uchague njia kwanza, kalenda baadaye.

Jambo la pili ni urefu. Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Morningside, penye jengo la zamani la enzi za Wajerumani, ni kama mita 1,300. Vilele vya Bondwa na Lupanga vyote vinapita mita 2,100. Piga hesabu: Lupanga kutoka mjini ni kupanda mita 1,600 kwa siku moja, na kuzishuka zote kabla ya giza. Hakuna siku hata moja ya njia ya Marangu kule Kilimanjaro inayompandisha mtu kiasi hicho, hata usiku wa kwenda Uhuru. Nimewaona vijana wenye afya zao wakiondoka na chupa moja ya maji na soda, kwa kuwa kilele kinaonekana pale karibu ukiwa barabarani. Kuonekana kinaonekana.

Kwa anayekuja mara ya kwanza, njia ni ya Morningside. Ni mwendo wa saa mbili hivi kwenda juu kwa mtu wa kawaida, na saa moja na nusu kurudi. Kwa sehemu kubwa si njia ya msituni. Unapita katikati ya migomba, mihogo, mahindi na mikaratusi, kando ya nyumba zilizojengwa kwenye vipande vya ardhi ambavyo mtu wa tambarare asingethubutu kuweka hata banda la kuku. Wanakijiji ndio wenye njia hii kabla ya mtalii yeyote. Ukianza saa 12 asubuhi utakutana nao wakishuka kwenda sokoni: akina mama wenye mikungu ya ndizi kichwani, vijana wenye viroba vya kabichi na karoti, wote wakitembea haraka kwenye udongo mwekundu uliochongwa ngazi kwa jembe. Wapishe. Simama upande wa mlimani, siyo upande wa korongo, maana mzigo ukikugusa kidogo tu wewe ndiye utakayekwenda chini. Wakubwa waamkie shikamoo hata kama unahema. Usimpige mtu picha akiwa na mzigo kichwani bila kumwomba. Hawezi kugeuza uso wala kukukatalia vizuri.

Pale Morningside mji wote uko miguuni: paa za mabati, barabara kuu ya kwenda Iringa, na Bwawa la Mindu likimeta magharibi. Wakazi husema Morogoro ni mji kasoro bahari, na ukiwa juu hapo kasoro yenyewe huioni sana. Msimu ukiwa mzuri watoto huuza stroberi zilizolimwa kwenye miteremko hiyo. Nunua kwao, ila zioshe kwa maji uliyobeba.

Msitu wenyewe unaanza juu zaidi, na unaanza ghafla. Shamba linakoma, hatua chache mbele baridi inakupiga shingoni na mwanga unapungua. Mashina yamevaa kuvumwani, kangaga zimejaa chini, na mizizi imelala njiani ikiwa na utelezi wakati wote. Hii ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, zaidi ya hekta 24,000, na ndani yake kuna aina zaidi ya 100 za mimea zisizoota popote pengine duniani. Kuna chozi, yule ndege mdogo mnyonya asali ya maua, wa aina iliyopo Uluguru peke yake, na vinyonga vidogo vya kahawia vinavyofanana mno na jani kavu. Mwombe mwongoza njia akuonyeshe kimoja. Macho ya mgeni hayakioni hata akielekezwa kwa kidole, mpaka kitembee.

Kuingia hifadhini kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kishughulikie mjini siku moja kabla, siku ya kazi, kwa sababu malipo ya serikali huenda kwa kontroo namba na mtandao una siku zake. Mwongoza njia naye si wa hiari. Msituni vijia vya watu wanaotafuta kuni na dawa vinakatana kila baada ya hatua chache, na ukungu ukishuka vyote vinafanana. Ni afadhali mtu wa vijiji vya hapo juu kuliko kijana wa mjini mwenye simu nzuri. Elewaneni bei kabla ya kuondoka na ujue chakula chake cha njiani ni juu yako.

Sasa miezi. Juni hadi Septemba ndiyo ya kupanda Lupanga au Bondwa. Udongo umekauka kiasi, vijito vinavukika, na asubuhi kuna baridi inayofaa kupandia. Ondoka mjini kabla jua halijachomoza, ukusudie kuwa kileleni saa 5 au 6. Baada ya hapo wingu linafunga. Nikisema ukweli, Lupanga haina mandhari ya kuitolea jasho lote hilo, kwani miti imeziba karibu kila upande. Anayetaka kuona mbali abaki Morningside, au aende Bondwa kwenye minara ya mawasiliano ajaribu bahati yake. Lupanga ni kwa anayetaka msitu wenyewe, mnene, unaodondosha matone hata siku isiyo na mvua. Septemba ikielekea mwisho, moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda chini na picha za mji zinatoka kijivu.

Vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, ni ya watu wavumilivu. Mjini joto linachosha, na mvua hupenda kuja mchana. Asubuhi bado ni yako, basi fanya safari fupi ya Morningside na maporomoko ya maji ya Choma, uwe umerudi saa 8. Mvua za kwanza zinawatoa siafu. Wanavuka njia kwa mstari mweusi usio na mwisho, na atakayesimama juu yake kujibu simu atavua suruali mbele ya watu. Suruali ndefu ndani ya soksi si urembo, ni kinga. Januari na Februari mjini huwa pakavu, lakini mlimani usijiaminishe, kwa sababu ile ile ya upepo wa bahari.

Machi hadi Mei sikushauri kabisa kwenda juu. Udongo wa miteremko hii ukishiba maji hauna subira. Februari 1970, huko Mgeta, upande wa magharibi wa milima hii hii, mvua ya saa chache ilisababisha maporomoko ya udongo zaidi ya 1,000. Wataalamu waliokwenda kuyachunguza walikuta karibu yote yameanzia mashambani na kwenye majani, sehemu zilizokwisha kupoteza miti; ndani ya msitu yalikuwa machache mno. Tatizo ni kwamba huwezi kuufikia msitu bila kupita mashambani kwanza. Mwezi wa Aprili tembea kandokando ya mji tu, kwenye mawe na vijito vya chini, na ukisikia mto umebadili sauti ondoka bondeni mara moja. Mvua ya juu inateremka hata kama kwako jua linawaka. Na wakati wowote wa mwaka, usiogee kwa sabuni kwenye vijito vya huko juu; watu walio chini yako wanayanywa maji hayo.

Mavazi na mizigo si somo refu. Viatu vyenye meno, vilivyozoea mguu wako. Wenyeji wanapanda kwa yeboyebo, ila wao wamezaliwa huko. Maji lita 3 kwa Lupanga, lita 1 na nusu kwa Morningside. Koti la mvua hata Agosti. Sweta. Mihogo ya kuchemsha, karanga na chapati zinakaa tumboni kuliko biskuti. Beba tochi halisi, siyo ya simu, kwa kuwa huku jua huzama kabla ya saa 1 usiku mwaka mzima, na chini ya miti giza linatangulia. Fimbo utakatiwa na mwongoza njia, au uikodi kijijini. Utaithamini zaidi wakati wa kushuka, magoti yanapoanza kutetemeka.

Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, na kwa mwendo wake usiofika saa mbili watu wameanza kuuona mlima huu kama matembezi ya Jumamosi. Kwa Morningside inawezekana, ukishika treni ya kwanza na kwenda moja kwa moja. Kwa Lupanga haiwezekani. Lala Morogoro usiku wa kuamkia safari, na usiku wa kurudi pia kama huna mazoezi.

Aliyekwisha kupanda njia hizi za mjini atenge siku kwa ajili ya Mgeta. Huko ndiko zinakotoka mboga nyingi zinazoliwa Dar, kutoka kwenye matuta ya ngazi yaliyopangwa ubavuni mwa mlima toka chini hadi juu. Karibu na Bunduki kuna maporomoko marefu ya maji ya Hululu. Julai baridi ya Mgeta si mchezo, chukua koti zito. Barabara ni ya udongo na ina kona nyingi. Masika gari dogo litakwama. Kama unakwenda kwa usafiri wa abiria, muulize kondakta kabla hujashuka gari la mwisho la kurudi linapita saa ngapi, kisha muulize na mwenye duka pale unaposhukia. Majibu yakitofautiana, shika la mwenye duka.