Shoga, Basha na Mlawiti: Leksimu ya Mapenzi ya Jinsia Moja na Mtazamo wa Jamii

Utangulizi

Makala haya yananuia kuchunguza maneno ambayo Kiswahili huyatumia kuwataja watu wanaovutiwa kimapenzi na wenzao wa jinsia yao. Mjadala kuhusu watu hawa umetawaliwa na viongozi wa dini, wanasiasa na mawakili. Wanaisimu tumekaa kando, ilhali kila anayeshiriki mjadala huo kwa Kiswahili hana budi kuteua neno, na neno likishateuliwa hukumu huwa imekwisha kutolewa nusu. Hatudai hapa kwamba kubadilisha msamiati kutabadilisha nyoyo za watu. Tunadai tu kwamba msamiati tulio nao unachanganya mambo yasiyofanana, na kwamba mchanganyiko huo una madhara.

Safari ya neno shoga

Mwanamke wa Mombasa, Lamu au Unguja humwita rafikiye wa kike shoga, na hakuna anayestaajabu. Hii ndiyo maana ya urafiki na upenzi ambayo ingali hai katika mazungumzo ya wanawake wa pwani. Papo hapo neno hilo hilo hutumiwa kumtaja mwanamume anayedhaniwa kuwa na tabia za kike, hasa yule anayechukua nafasi ya kike katika uhusiano na mwanamume mwenzake. Ni rahisi kuona daraja la kisemantiki: mwanamume huyo huruhusiwa kuketi na wanawake, nao humwita kama wanavyoitana wenyewe.

Jambo ambalo wanafunzi wengi kutoka bara hawalijui ni kwamba katika matumizi hayo ya pwani shoga hakuwa peke yake. Mwenzake aliitwa basha, neno lenye asili ya cheo cha Kituruki, ambalo wacheza karata wanalijua pia kama mfalme. Basha hakuhesabiwa kuwa shoga. Aghalabu alikuwa na mke na watoto, na heshima yake mtaani haikupungua sana. Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka wa 1987, aliona kwamba tofauti ya hadhi na mali baina ya wawili hao ilikuwa na uzito mkubwa. Deborah Amory alirejelea suala hilo mwaka wa 1998 kwa kuchunguza maneno yenyewe. Kwa hivyo shoga lilikuwa jina la nafasi katika uhusiano.

Kiswahili cha magazeti na cha bara kimelifanya kuwa jina la aina ya mtu. Leo basha naye ni shoga, na wakati mwingine hata mwanamke huingizwa katika ushoga, ingawa lugha ina neno msagaji. Maana imepanuka na papo hapo imeshuka hadhi. Upatanisho wa kisarufi nao husaidia kudhalilisha: msemaji anayesema "shoga lile limepita" badala ya "shoga yule amepita" amemwondoa mtu katika upatanisho wa viumbe hai kwa viambishi viwili tu.

Hanithi lina utata wa namna nyingine. Neno hili la asili ya Kiarabu hutajwa kwa maana ya mwanamume asiye na nguvu za kiume, na pia kwa maana ya shoga. Hali ya kimwili na mwelekeo wa mapenzi zimefungwa katika kitomeo kimoja, kana kwamba moja ni sababu ya nyingine.

Maneno haya yanatuwezesha kuijibu hoja inayosikika sana, kwamba mahusiano haya yaliletwa na Wazungu. Basha, hanithi, msenge, msagaji: hakuna hata moja lililotoka katika Kiingereza. Kilichokuja na ukoloni ni kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotaja tendo "kinyume cha maumbile" na adhabu ya hadi miaka 14 gerezani. Hata hivyo tusivuke mpaka wa ushahidi. Kuwa na neno la jambo si sawa na kulikubali. Lugha yetu ina maneno mengi ya wizi pia.

Kitenzi kimoja, matendo mawili

Kitenzi kinachotusumbua zaidi ni kulawiti, kinachotokana na jina la Nabii Lut. Msomaji wa magazeti hukikuta katika habari za mtu mzima aliyemnajisi mvulana. Hukikuta tena panapozungumziwa watu wazima wawili walioridhiana. La kwanza ni ukatili kwa mtoto, na hakuna anayelitetea. La pili ni suala ambalo watu wenye busara wanatofautiana juu yake. Kitenzi hakitofautishi. Matokeo yake ni kwamba mwanamume anayempenda mwanamume mwenzake husikika masikioni mwa majirani kama hatari kwa watoto wao, naye mvulana aliyetendewa unyama huogopa kusema, asije akaitwa shoga. Wote wawili wanaumia kwa neno moja. Mwalimu anayefundisha tafsiri angefanya vyema kusisitiza unajisi au ubakaji panapohusika mtoto au nguvu.

Wahudumu wa afya wametafuta njia yao. Husema "wanaume wanaoshiriki ngono na wanaume", tafsida ndefu inayotaja tendo bila kumpa mtu jina. Kwa mgonjwa anayehofia kutambuliwa kliniki, urefu huo ni nafuu, japo hauwezi kuelezea mapenzi yenyewe.

Mahakama, jinsi na jinsia

Mnamo Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162. Siku tatu kabla yake alikuwa amefariki Binyavanga Wainaina, mwandishi aliyejitangaza hadharani Januari 2014 katika insha aliyomwandikia mamake marehemu. Februari 2023 Mahakama ya Juu, kwa majaji watatu dhidi ya wawili, iliamua kwamba shirika la kutetea haki za watu hawa lina haki ya kusajiliwa. Sehemu ya hoja ilikuwa ya kisemantiki kabisa: majaji wengi walilisoma neno la Kiingereza katika kifungu cha 27 cha Katiba kuwa linajumuisha pia mwelekeo wa kimapenzi. Mfasiri wa Kiswahili ataandika jinsi au jinsia? Je, neno atakaloteua linaweza kubeba tafsiri hiyo ya mahakama? Tunawaachia wenzetu wa isimu ya sheria swali hili, nasi hatuoni kwamba ni jepesi.

Mtazamo wa umma unabadilika polepole. Katika kura za maoni za Pew, Mkenya mmoja tu kati ya 100 alisema mwaka wa 2002 kwamba jamii inafaa kuwakubali watu hawa. Mwaka wa 2019 walikuwa 14. Nchini Afrika Kusini walikuwa 54. Walio wengi hapa kwetu bado wanakataa, na wana haki ya kuitetea imani yao. Tunachowaomba wahariri wa kamusi ni vitomeo vitatu vilivyotenganishwa: shoga la urafiki, shoga la pwani pamoja na basha wake, na shoga la magazeti, kila kimoja kikiwa na alama ya matumizi, na lile la matusi likiandikwa wazi kwamba ni tusi.