SOMO LA WAWAKILISHI: Kamera na Kipaza Sauti Vinapokatika Katikati ya Mkutano



Baadhi yenu mtashangaa kuona somo la waya na matundu ya kompyuta katika kurasa ambazo kwa kawaida huzungumzia mishahara, likizo na usalama kazini. Jibu letu ni kwamba siku hizi mishahara hiyo hujadiliwa kwa kupitia waya huo huo. Mwajiri akiwa na makao yake Nairobi au Kampala, na wafanyakazi wakiwa Juba, mkutano hufanyika kwa video, na upande ambao sauti yake haisikiki huhesabiwa kuwa umenyamaza.

Sisi tulijifunza jambo hili kwa gharama. Siku moja wawakilishi wetu wanne walikaa katika ofisi ya tawi hapa Juba kujadiliana na mwajiri mmoja, ambaye hatutamtaja, juu ya malimbikizo ya saa za ziada. Mazungumzo yalipofika kwenye hesabu yenyewe, kamera ilizimika na kipaza sauti kikafa pamoja nayo. Sauti za wenzetu wa upande wa pili tuliendelea kuzisikia kwenye spika ya kompyuta, lakini zetu hazikutoka. Tuliporudi hewani, kumbukumbu za mkutano zilikwisha andikwa kwamba wafanyakazi "hawakuwa na pingamizi". Ilitubidi kufanya mikutano miwili zaidi ili kuyafuta maneno hayo.

Kompyuta ya tawi ni ya mapajani, ya zamani, nayo imewekewa Linux. Mfumo huu ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, na mtu yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni. Ndiyo sababu unafaa ofisi zenye mfuko mdogo kama zetu. Tena una tabia moja ambayo fundi yeyote wa kiwandani ataipenda: kila linalotokea huliandika kwenye daftari lake. Mashine ikisimama, msimamizi wa zamu hufungua daftari kwanza kabla ya kushika spana. Sisi siku ile hatukufanya hivyo. Tulichomoa, tukachomeka, tukapuliza tundu, tukagonga kamera kwa kidole, na kila mmoja alikuwa na shauri lake.

Basi la kwanza ni kufungua daftari. Fungua dirisha la amri, andika maneno haya, kisha uliache dirisha wazi tangu mwanzo wa mkutano:

sudo dmesg -w

Kifaa kikikatika utaona mstari unaosema usb 1-3: USB disconnect, device number 7. Tarakimu za 1-3 ni anwani ya tundu, yaani njia ya kwanza, tundu la tatu. Ziandike kwenye karatasi, maana tutazihitaji. Ikiwa kamera imepotea kwenye skrini lakini daftari halikuandika kitu, basi waya hauna kosa. Tafuta ndani ya programu ya mkutano, au tazama kama programu nyingine imeishika kamera. Amri ya fuser -v /dev/video0 itakuonyesha ni programu gani.

Tulipolisoma daftari letu jioni ile, tulikuta vifaa vinne vimeandikwa kuwa vimekatika kwa sekunde moja: kamera, vifaa vya masikioni, puku na flashi. Hapo ndipo somo lote lilipo. Vifaa vinne haviwezi kufa kwa ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja. Katika kiwanda, mashine nne zikisimama pamoja, fundi hafungui hata moja. Hutazama mshipi mkuu unaozizungusha zote. Mshipi wetu ulikuwa kile kifaa cha kugawa tundu moja kuwa manne. Amri ya lsusb -t huonyesha jambo hili kama mti wenye matawi, nani ananing'inia kwa nani, na kila tawi na mwendo wake: 12M, 480M au 5000M. Msishtuke mkiona vifaa vya masikioni vimeandikwa 12M. Sauti haihitaji njia pana.

Sasa kwa nini kigawanyaji kile kilikufa? Tundu la USB la aina ya 2.0 hutoa umeme wa volti 5 na mkondo usiozidi miliampia 500. La aina ya 3.0, ambalo mara nyingi huwa na rangi ya buluu ndani, hutoa 900. Kigawanyaji kisichokuwa na chaja yake hula sehemu ya umeme huo kwanza, kisha kila tundu lake huahidiwa miliampia 100 tu. Na hapa Juba, ndugu, tunajua kinachotokea. Mtambo wa umeme wa megawati 33 ulifunguliwa mwaka 2019, lakini nyumba nyingi bado zinategemea jenereta na sola, kwa hiyo kompyuta ikiwashwa ofisini, kila aliyepo huchomeka simu yake ipate chaji. Siku ile simu mbili zilichomekwa. Simu moja peke yake inaweza kutaka miliampia 500 zote. Umeme ukivutwa kupita kiasi, daftari linaweza kuandika neno over-current. Mara nyingine haliandiki hata neno, volti zinashuka tu na vifaa vinaondoka.

Tangu hapo tuna kanuni ofisini: wakati wa mkutano hakuna simu kwenye kompyuta. Ilileta manung'uniko kuliko tulivyotarajia, lakini imedumu. Kamera huchomekwa kwenye tundu la kompyuta yenyewe, upande mmoja, na vifaa vya masikioni upande wa pili.

Waya nao usisahauliwe. Daftari likionyesha maneno device descriptor read/64, error -71, maana yake kompyuta imeona kitu kimechomekwa lakini mazungumzo baina yao yanaharibika njiani. Namba -110 maana yake imengoja jibu mpaka ikachoka. Katika hali zote mbili anza na waya: badili waya, kisha tundu, kisha kompyuta, kimoja kimoja, na kila mara utazame daftari. Ukibadili viwili kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa. Vumbi letu la kiangazi huingia kwenye matundu, na joto hulegeza vifaa dhaifu. Mnamo Machi 2024 serikali ilifunga shule nchini kwa sababu ya joto lililotarajiwa kufika nyuzi 45, na kompyuta iliyowekwa juu ya kitambaa ikichemka siku kama hizo haitakuwa na afya kuliko mwanafunzi. Ipandishe juu ya mbao mbili ipate hewa.

Kuna kosa jingine ambalo watu hudhani ni la umeme, kumbe ni msongamano. Hebu tufanye hesabu. Picha yenye nukta 1280 kwa 720 ina nukta 921,600. Kila nukta isiyobanwa huchukua baiti 2, na picha hupita mara 30 kwa sekunde. Jumla yake ni baiti 55,296,000 kila sekunde. Njia ya USB 2.0 kwa kawaida huitengea kamera moja baiti zipatazo milioni 24 tu kwa sekunde. Haiingii. Ndiyo maana kamera hubana picha kwanza, kwa mtindo uitwao MJPEG. Programu ikidai picha isiyobanwa, au kamera mbili zikiwa kwenye njia moja, daftari hutoa namba -28, au programu husema No space left on device. Mwenzetu mmoja aliposoma maneno hayo alianza kufuta mafaili kwenye diski, akapoteza orodha ya wanachama wa miezi mitatu. Nafasi iliyokwisha ni ya njiani, siyo ya diski. Punguza ukubwa wa picha uwe 640 kwa 480. Uso wa msemaji utaonekana vizuri tu, na bando la intaneti litadumu zaidi.

Namna ya tatu ni usingizi. Programu za kubana umeme wa betri, mojawapo ikiitwa TLP, hukilaza kifaa kisichofanya kazi. Kamera inayotumika hailazwi. Taabu huja mwakilishi anapoizima kamera ili kushauriana na wenzake, kisha akirudi anakuta haiamki. Hapa ndipo ile anwani mliyoiandika inapofaa:

echo on | sudo tee /sys/bus/usb/devices/1-3/power/control

Amri hii hukizuia kifaa cha tundu hilo kisilale mpaka kompyuta izimwe au kifaa kichomolewe. Ukitaka dawa ya kudumu kwa TLP, weka USB_AUTOSUSPEND=0 katika faili la /etc/tlp.conf, ukijua kwamba betri itaisha mapema kidogo.

La mwisho katika makosa ni la ajabu kidogo. Diski au flashi ya USB 3.0 inapofanya kazi hutoa kelele za redio zinazoingilia Wi-Fi ya gigahezi 2.4. Video inaganda, na kila mtu anaulaumu mtandao. Chomoa diski, au isogeze mbali kwa waya mrefu, kabla hujaanza kugombana na kampuni ya intaneti.

Je, ikikatika katikati ya mkutano, kabla hujapata nafasi ya kutafuta kosa? Kifaa kikirudi, programu huenda bado inakitafuta mahali pake pa zamani, kwa sababu kamera iliyokuwa video0 inaweza kurudi na namba nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya programu uchague kamera na kipaza sauti upya. Na kama havirudi, chagua kipaza sauti cha kompyuta yenyewe. Siku ile chetu kilikuwepo, kizima, na hakuna hata mmoja wetu aliyekikumbuka.

Lakini kabla ya hayo yote, mwakilishi mmoja awe na simu ya mkononi yenye salio na namba ya mwenyekiti wa mkutano. Apige mara moja, aombe mkutano usimame, na aombe saa ya kukatika na saa ya kurudi ziandikwe kwenye kumbukumbu. Sisi sasa tunaomba jambo hilo likubaliwe na pande zote mbili mwanzoni, kabla ya ajenda ya kwanza, na mpaka leo hakuna mwajiri aliyelikataa.

Kigawanyaji kile cha zamani tumekitundika kwenye msumari karibu na mlango. Kinafaa kwa puku.