Namba ya Bure ya Biashara: Ichague kwa Sikio

Pampu ya mkulima wa nyanya kule Ilula ikizima saa nne asubuhi, wakati jua limeshaanza kuchoma miche, hana nafasi ya kwenda kutafuta vocha. Atabipu, au atatuma ule ujumbe wa "tafadhali nipigie". Kama fundi ana simu nyingine sikioni, bipu hiyo itaonekana jioni, na jioni mkulima ameshampata fundi mwingine. Sisi tunauza na kutengeneza pampu za umwagiliaji hapa Iringa. Ndiyo maana nilitafuta namba ya 0800, ile ambayo anayepiga halipi hata shilingi na gharama inakuja kwetu. Wenye maduka wenzangu wamekuwa wakiniuliza nilivyoipata, kwa hiyo naeleza hapa.

Kwanza ujue unachonunua. Namba ya 0800 si laini unayochomeka kwenye simu. Mteja akiipiga, mitambo ya kampuni ya simu huielekeza kwenye namba za kawaida ulizoandikisha: ya ofisini kwanza, isipopokelewa inahamia karakana, usiku inakwenda kwa fundi wa zamu. Kwangu hili lina thamani kuliko hata huo ubure wenyewe. Biashara nyingi hapa kwetu zinaendeshwa kwa laini ya mfanyakazi mmoja, na siku akiacha kazi anaondoka na laini pamoja na wateja. Namba ya 0800 huandikishwa kwa jina la biashara. Mafundi wakibadilika, unabadilisha tu simu zinakoelekezwa, na mteja hajui kama kuna kilichobadilika.

Namba zote nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo huzigawa kwa mitandao kwa mafungu. Mimi nilipitia kitengo cha wateja wa biashara cha mtandao wa simu, nikiwa na cheti cha BRELA, leseni ya biashara, TIN, kitambulisho cha NIDA na barua ya maombi yenye mhuri. Usipoteze muda kuota namba ya tarakimu tatu. Hizo zina wenyewe: 112 ni ya dharura, 113 ni ya TAKUKURU, 116 ni ya kusaidia watoto.

Swali la kwanza la kuuliza, kabla hata ya bei: je, namba hii inapigika bure kutoka mitandao yote? Namba huwa chini ya mtandao mmoja, na ili mteja wa mtandao mwingine aipate bila kukatwa salio, lazima mitandao hiyo iwe imeifungua. Ukiambiwa "itashughulikiwa", omba jibu la maandishi. Wateja wetu wametawanyika Vodacom, Airtel, Yas, Halotel na TTCL, na wengi wana laini zaidi ya moja. Namba inayofanya kazi kwenye mtandao mmoja tu ni bure ya nusu, na anayekatwa salio baada ya kuahidiwa bure hatarudi.

Kuhusu gharama, usiishie kwenye ada ya kuanzia na ya mwezi. Kinachouma ni dakika. Ukipokea simu 40 kwa siku, kila moja ya dakika 3, hizo ni dakika 120. Kwa siku 26 za kazi ni dakika 3,120 kwa mwezi. Zidisha kwa bei uliyopewa, kisha ujiulize kama mauzo yako yanaibeba. Uliza pia kama unaweza kuweka kikomo cha mwezi, maana watoto wakigundua namba isiyokata salio wataichezea.

Sasa kuchagua tarakimu zenyewe. Hapa ndipo nawaomba msiharakishe.

Marekani, ambako kampuni ya AT&T ilianzisha namba za 800 mwaka 1967, biashara hupenda namba zinazosomeka kama neno kwa herufi zilizo kwenye vitufe vya simu. Duka la maua la 1-800-FLOWERS lilijenga jina lake hivyo. Kwetu sishauri. Wateja wetu hawapigi simu kwa herufi, na wengi namba wanaisikia kabla ya kuiona: redioni, sokoni, kwa jirani. Huku kinachoshika ni mdundo. Watu wangapi wanaijua *150*00# ya M-Pesa bila kuiandika popote?

Tazama namba za TRA: 0800 750 075 na 0800 780 078. Zitamke kwa jozi: sabini na tano, sifuri sifuri, sabini na tano. Mwanzo na mwisho vinafanana, katikati pametulia. Anayekumbuka nusu ameikumbuka yote. Tafuta mpangilio wa namna hiyo katika fungu la namba ambazo mtandao utakuonyesha, na uombe orodha kabisa, usikubali ile moja ya kwanza wanayokutajia.

Halafu isikilize kwa Kiswahili. Kwenye simu yenye upepo, tatu na tano hugongana. Sita na saba hugongana. Nne na nane hugongana. Namba yenye 3 na 5 zikifuatana inaweza kupendeza kwenye bango, lakini shambani itamfikisha mteja kwa mtu asiyemjua. Jaribio langu lilikuwa hivi: nampigia mteja mzee, namtajia namba mara moja tu, tunazungumza bei ya debe la nyanya na hali ya mvua, kisha namwambia, "Shikamoo tena mzee wangu, hebu nitajie ile namba." Zile zilizorudi zikiwa zimekatika nilizifuta, hata nilizozipenda sana. Wajaribu wazee, wajaribu na vijana wa bodaboda, kwa sababu ndio watakaoisambaza.

Ukishaipata, itamkwe kwa mkato uleule kila mahali. Mtangazaji wa redio akiisoma tatu-tatu na bango lako likiigawa mbili-mbili, msikilizaji anaona namba mbili tofauti. Sisi tunaiandika kwenye mwili wa pampu yenyewe, kwa stika isiyotoka kwa maji, maana risiti hupotea. Chini yake tumeongeza kwamba hatumpigii mteja kumwomba namba ya siri wala kumtaka atume pesa. Matapeli ni wengi, na ujumbe wao watu wanatakiwa kuupeleka 15040.

Namba yako ya kawaida usiitupe. Utaihitaji kwa WhatsApp, kwa picha za pampu iliyovunjika, na kwa mteja aliye Nairobi au Muscat anayemnunulia baba yake pampu, kwani 0800 ya Tanzania imetengenezwa kwa wapigaji wa ndani.

Na kabla hujachapisha bango hata moja, kusanya laini za mitandao yote, zote zikiwa hazina salio hata senti, uipige namba yako mwenyewe kutoka kila moja. Ikiita kote, na upande wa pili kuna mtu anayepokea, hapo chapisha.