Abiria Yuko Upande wa Nani?

Somo la kujadiliwa matawini: mgomo wa wahudumu wa ndege na maoni ya watu



Wafanyakazi wa kiwanda cha viatu wakigoma, anayeumia kwanza ni mwajiri. Viatu vipya havitoki, lakini watu bado wana viatu vyao miguuni. Wahudumu wa ndege wakigoma, mambo huwa mengine. Siku ile ile maelfu ya watu hukwama kiwanjani: huyu anakwenda kumzika mzazi, huyu anakwenda hospitali, huyu likizo yake ni ya siku saba tu. Hawa si waajiri, wala hawakushiriki katika mazungumzo ya mkataba. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo ziumiazo.

Ndiyo maana katika mgomo wa namna hii kuna upande wa tatu, nao ni watu wa kawaida. Mwajiri anajua hivyo, na serikali inajua hivyo. Sisi nasi hatuna budi kujua. Katika somo hili tutatazama migomo miwili, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Kanada, ili tuone kwa nini watu waliukasirikia wa kwanza na kuuelewa wa pili.

1. KAZI YENYEWE NI IPI?

Wengi hudhani kazi ya mhudumu wa ndege ni kugawa chai na kutabasamu. Makampuni yenyewe yameikuza dhana hiyo kwa matangazo yao. Lakini sheria haimweki mhudumu ndani ya ndege kwa ajili ya chai. Humweka kwa ajili ya usalama: kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza, kufungua milango ya dharura na kuwatoa watu nje ajali ikitokea. Tarehe 2 Januari 2024, ndege ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani katika kiwanja cha Haneda, Tokyo, ikashika moto. Watu watano wa ndege ile ndogo walikufa. Ndani ya ndege kubwa mlikuwa na watu 379. Wote walitoka hai, wakiongozwa na wahudumu, na baadaye ndege ikateketea.

Sasa tutazame malipo. Katika makampuni mengi ya Amerika ya Kaskazini, kwa miaka mingi saa ya malipo ilianza kuhesabiwa pale tu ndege inapoondoka mahali pake pa kupakia. Kukagua vifaa vya usalama, kuwapokea abiria, kuwasaidia wazee na wenye watoto, kukaa na abiria waliokasirika kwa kucheleweshwa, yote hayo yalifanywa bila malipo au kwa malipo hafifu. Mhudumu amevaa sare, yuko chini ya amri ya kampuni, lakini saa haijaanza kuhesabiwa! Mwaka 2022 kampuni ya Delta ya Marekani ilianza kulipa nusu ya mshahara wa saa kwa muda wa kupakia abiria. Wengine walifuata. Kanada swali hilo lilingojea mgomo.

2. UINGEREZA: KRISMASI YA MWAKA 2009

Mwezi Novemba 2009 kampuni ya British Airways ilipunguza idadi ya wahudumu katika ndege za safari ndefu kutoka Heathrow, kwa mfano kutoka 15 hadi 14. Chama cha wafanyakazi, Unite, kilisema kampuni haiwezi kubadili masharti ya kazi bila mapatano. Hoja ilikuwa ya haki. Wanachama walipiga kura, na zaidi ya tisa katika kila kumi wakakubali mgomo.

Kisha ikatangazwa kwamba mgomo utakuwa wa siku 12, tangu tarehe 22 Desemba hadi tarehe 2 Januari. Yaani Krismasi yote na Mwaka Mpya. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyezungumza tena juu ya wahudumu 15 au 14. Magazeti yalijaa habari za familia ambazo hazitaonana na za arusi zitakazoharibika. Kampuni nayo ikaeleza kwamba wahudumu wake hulipwa zaidi kuliko wenzao wa makampuni mengine. Mwenye hoja akageuzwa kuwa mwenye kosa.

Tarehe 17 Desemba mahakama iliuzuia mgomo, kwa sababu waliopigishwa kura walikuwamo pia watu waliokwisha kukubali kuacha kazi kwa hiari. Kura zao hazikuweza kubadili matokeo, lakini sheria ya Uingereza haitazami hilo peke yake. Chama kilipata hasara mara mbili: watu walikwisha kukasirika, na mgomo haukufanyika.

Kura ilirudiwa, na wahudumu wakagoma kwa siku 22 katika mwaka 2010. Safari hii chama kilitangaza mapema kwamba hakitagoma wakati wa Pasaka. Hata hivyo ile chuki ya Desemba haikufutika upesi. Kampuni ilikodi ndege nyingine, ikawafundisha watumishi wa idara nyingine kazi ya uhudumu, na ikawanyang'anya waliogoma nafuu ya nauli. Mapatano yalipatikana mwaka 2011, na nafuu hiyo ikarudishwa.

Lakini tusiseme kwamba kugoma siku za sikukuu ni kosa siku zote. Mwezi Novemba 1993 wahudumu wa American Airlines waligoma wakati Wamarekani wanajitayarisha kwa sikukuu yao ya Shukrani. Walitangaza tangu mwanzo kwamba mgomo ni wa siku 11. Siku ya tano Rais Clinton aliingilia kati, na kampuni ikakubali usuluhishi. Sikukuu huongeza nguvu ya mgomo na huongeza hasira ya watu kwa pamoja. Anayeichagua lazima awe amekwisha kuwaeleza watu sababu.

3. KANADA: AGOSTI 2025

Mkataba wa wahudumu wa Air Canada, uliodumu miaka kumi, ulikwisha tarehe 31 Machi 2025. Wahudumu hao, zaidi ya 10,000, wamo katika chama kiitwacho CUPE. Madai yao yalikuwa mengi, lakini mbele ya watu waliweka moja ambalo hata mtoto analielewa: kazi bila malipo ikome. Walilieleza kwa miezi mingi, viwanjani na bungeni, kabla ya siku ya mgomo. Abiria aliyekaa saa mbili ndani ya ndege iliyochelewa aliambiwa: "Huyu anayekuletea maji sasa hivi halipwi." Hakuhitaji maelezo zaidi.

Katika kura ya wanachama, asilimia 99.7 walikubali mgomo. Kazi ilisimama tarehe 16 Agosti, katikati ya msimu wa likizo. Safari zipatazo 700 kwa siku zilifutwa. Wasafiri waliumia kweli, na wengine walilalamika kwa haki. Lakini uchunguzi wa maoni ulionyesha kwamba Wakanada wengi wanaona mhudumu anastahili kulipwa kwa kazi anayoifanya ndege ikiwa chini. Hata chama cha Conservative, ambacho si rafiki wa kawaida wa migomo, kilitaka kazi hiyo ilipwe.

Kisha serikali ikaingilia. Kabla ya saa 12 kupita, waziri Patty Hajdu alitumia kifungu cha 107 cha sheria ya kazi, na wahudumu wakaamriwa kurejea kazini tarehe 17. Mwaka 2024 kifungu hicho kilikuwa kimetumiwa dhidi ya wafanyakazi wa reli, wa bandari na wa posta. Mwajiri akijua kwamba amri itakuja, ana haja gani ya kuzungumza?

Wahudumu walikataa kurejea. Tarehe 18 baraza la mahusiano ya kazini lilitamka kwamba mgomo si halali. Mark Hancock, kiongozi wa CUPE, alisema yuko tayari hata kufungwa. Siku hiyo hiyo waziri alitangaza uchunguzi juu ya kazi isiyolipwa katika makampuni ya ndege. Alfajiri ya tarehe 19 mapatano yalipatikana.

Ndugu msomaji, pima jambo hili. Kukaidi amri ya serikali ni hatari kubwa: faini, jela, hata kuvunjwa kwa chama. Lakini serikali haipendi kuwafunga watu ambao wananchi wanaona wana haki. Maoni ya watu yalikuwa ngao ya wahudumu wale.

4. NGAO SI MKUKI

Tusitie chumvi. Mapatano ya Kanada yalileta malipo ya kazi ya chini kwa nusu ya mshahara wa saa, yakipanda kidogo kila mwaka. Si malipo kamili. Sehemu ya mishahara ilipopelekwa kwa wanachama mwezi Septemba 2025, asilimia 99.1 waliikataa, lakini walikuwa hawana tena ruhusa ya kugoma. Jambo hilo likabaki kwa wapatanishi na wasuluhishi. Ngao humkinga mtu, lakini haimlishi. Kinachosaini mkataba ni umoja wa wanachama.

Karibu nasi pia tumeona. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege vya Kenya waligoma kupinga mpango wa kuukabidhi uwanja wa Jomo Kenyatta kwa kampuni ya Adani ya India kwa miaka 30. Abiria walikwama Nairobi tangu usiku. Lakini Wakenya wengi waliwaunga mkono, kwa sababu uwanja ule waliuona kuwa mali yao. Mgomo ulisitishwa siku hiyo hiyo baada ya mazungumzo. Mpango wenyewe ulifutwa tarehe 21 Novemba, baada ya mwenye kampuni kushtakiwa huko Marekani.

5. TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, maelezo yatangulie mgomo. Siku ya mgomo abiria hasikilizi, anatafuta njia ya kufika kwao.

Pili, dai la mbele liwe moja, la kweli, na linaloonekana kwa macho ya abiria.

Tatu, tutoe taarifa mapema ya siku na muda. Anayeonywa hukasirika kidogo kuliko anayeshtukizwa.

Nne, kura na hesabu ziwe safi. Kosa dogo la karatasi humpa mwajiri mahakama nzima.

Tano, tusimtukane abiria. Kesho naye atakuwa mfanyakazi mwenye mgomo wake, na atakumbuka.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Katika kazi yetu, nani huumia kwanza tukigoma: mwajiri au wananchi?

2. Ni kazi gani tunayoifanya bila malipo, ambayo watu hawaijui?

3. Kama tungepewa dakika mbili za kumweleza abiria au mteja dai letu, tungesema nini?

4. Ikiwa wananchi wanatupinga lakini hoja yetu ni ya haki, tufanye nini: tungoje, tueleze zaidi, au tuendelee?

Katibu wa tawi aandike majibu na kuyasoma katika mkutano ujao.