Tatuu Mbichi na Maji ya Ziwa

Mdogo wangu wa Mbamba Bay, umeniuliza kama unaweza kuoga ziwani na tatuu ya siku nne mkononi. Hapana, usiingie. Najua kwenu ziwa ndilo bafu, ndilo karo la kufulia, na pengine ndiko mnakochota maji ya kupikia, kwa hiyo nitakueleza sababu na nitakueleza utaogaje.

Ila kilichonitia wasiwasi zaidi ni mstari wa mwisho wa ujumbe wako: mama hajui, na unashinda ndani ya sweta. Huku Mbinga mwezi wa saba hakuna atakayeuliza habari ya sweta. Kwa joto la Mbamba Bay, jirani naye atauliza. Na chini ya hilo sweta kuna kidonda kinacholowa jasho, kinachosuguliwa na sufu, na kinachotibiwa gizani kwa ushauri wa marafiki. Wengi wanaoniandikia kuhusu tatuu zilizoharibika walianza hivyohivyo, kwa kuficha.

Tuelewane kwanza ulichofanyiwa. Sindano imepita ngozi ya juu mara maelfu na kuacha wino kwenye ngozi ya ndani, kina cha milimita moja au mbili. Seli za ulinzi za mwili zimeumeza ule wino na kukaa nao palepale, ndiyo maana mchoro haufutiki. Jirani zetu Wamakonde walilijua jambo hili zamani sana: fundi alichanja chale, kisha akapaka masizi ya mbono kwenye mikato. Iwe kwa kisu au kwa mashine, ngozi imefunguliwa, na mpaka ijifunge unauguza kidonda. Ngozi ya juu huchukua wiki mbili hadi nne kufunga, na ya ndani huendelea kujijenga kwa miezi kadhaa.

Sasa ziwa. Mwaka 2017 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanaume wa miaka 31 aliyeogelea kwenye Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa mguuni. Bakteria wa maji ya chumvi waliingia kupitia mchoro, na baada ya miezi miwili hivi alifariki. Ini lake lilikuwa limeshaharibika, na hilo lilimpunguzia nguvu za kupambana. Utaniambia Ziwa Nyasa ni maji baridi. Ni kweli, lakini maji baridi nayo yana bakteria wake wanaopenda vidonda, na pale tunapofulia na kuoshea samaki hapakosi uchafu. Kichocho hakingoji hata kidonda, kwani vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi nzima. Kwa hiyo kaa nje ya maji mpaka magamba yote yametoka yenyewe na ngozi imefunga kabisa. Hesabu mwezi mzima.

Maji ya kuoshea mchoro yachemshe, yafunike, yaache yapoe. Nawa mikono kwanza. Osha mara mbili kwa siku kwa kiganja na sabuni laini ya mtoto isiyo na manukato. Dodoki liweke mbali. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, si khanga inayopita kwa kila mtu nyumbani. Mchoro ukishakauka, paka mafuta ya mgando kidogo sana, utando tu wa kung'aa, kutoka kwenye kopo jipya ambalo halitumiwi na mtu mwingine. Ukipaka mengi ngozi hulowa na magamba hulainika kabla ya wakati. Sehemu nyingine za mwili oga kawaida kwa ndoo nyumbani, mkono ukiwa nje ya maji. Sweta livue. Vaa shati jepesi la pamba lenye mikono mipana, litakukinga na jua pia.

Siku za mwanzo mchoro hutoa majimaji yenye rangi ya wino, na hiyo ni kawaida. Baadaye utawasha sana na kubanduka magamba membamba, na rangi itaonekana kama imefifia. Usikwangue. Ukiwasha, pigapiga taratibu kwa kiganja safi. Gamba ulilolibandua kwa kucha hutoka na wino na kuacha pengo.

Kuhusu vya kupaka, naomba unisikilize. Dawa ya meno, majivu, ndimu, spiriti kila siku, unga wa vidonge vya rangi mbili: vyote nimetajiwa na wasomaji, na vyote acha. Unga wa kapsuli hautibu kidonda, unaganda juu yake na kuwazoesha bakteria dawa bila sababu. Krimu za kujichubua nyingi zina steroidi, na steroidi hupunguza kasi ya kupona.

Nanyi wasomaji wa huku Umatengo mnaochuma kahawa, matawi yatawakwaruza, na mikono yenye vumbi na mabaki ya dawa ya kupulizia mibuni itagusa mchoro bila nyinyi kujua. Mchorwe msimu ukiisha. Na mnaowaza kuomba kazi Jeshi la Polisi, someni kwanza masharti ya ajira, alama za kuchorwa mwilini huwa zinatajwa.

Maelezo mengi yanatwambia tuangalie wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Uvimbe hugeuka zambarau au mweusi zaidi. Tumia mgongo wa mkono kupima joto. Maumivu yakizidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua, ukaona usaha, harufu, homa, au tezi za kwapani zimevimba, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Liuli wana hospitali, Litembo wana hospitali, na Peramiho ipo kwa walio upande wa Songea. Angalia pia kovu lako la chanjo begani au tundu la hereni: kama lilivimba na kutambaa nje ya jeraha, mchoro nao unaweza kufanya hivyo miezi baadaye. Ukianza kunyanyuka, wahi kumwona daktari.

Hukuniambia kama fundi alifungua sindano mpya mbele yako. Kama hukuiona, usikae na shaka. Dawa za kuzuia VVU baada ya kuwa hatarini huanzwa ndani ya saa 72, nawe umeshazipita, kwa hiyo kapime VVU na homa ya ini B, urudie vipimo baada ya miezi mitatu. Uliza pia kama chanjo yako ya pepopunda bado inakulinda. Mhudumu mwambie wazi umechorwa lini na umepaka nini, asipoteze muda kukisia.

Na mama mwambie. Atagomba, na pengine utasomewa kitabu cha Walawi katika Biblia mpaka usiku. Ukubali kugombezwa. Usianze kwa kujitetea. Anza kwa kumwonyesha mkono na kumwambia kidonda kinahitaji maji yaliyochemshwa na wiki kadhaa za kutofua ziwani. Huwezi kukwepa ziwa mwezi mzima katika nyumba ya mama bila yeye kujua. Kama unamwogopa mno, anza na shangazi, aende naye taratibu. Ila usivuke wikiendi hii, na uniandikie uniambie magamba yamefikia wapi.