Telefone za ofisi na kontrolere ya akiba

Wanafunzi wapendwa wa sehemu ya umeme, siku moja wengine wenu mtafanya kazi ndani ya ofisi kubwa ao hospitali yenye telefone za IP, ni kusema zile zinazopitisha sauti katika rezo moja na ordinateri. Rezo ile itahitaji kutengenezwa, na mkubwa wa kazi atawaambia: "Zimeni kontrolere, lakini telefone zisinyamaze." Basi tujifunze ginsi ya kufanya.

Kontrolere ni ordinateri yenye kushika daftari ya telefone zote. Telefone ikipata umeme, inajulisha jina na anwani yake, nayo kontrolere inaiandika. Mtu akiita namba 214, kontrolere inatafuta ndani ya daftari pahali 214 iko. Ni kama mwito wa asubuhi hapa kwetu: asiyeitika anahesabiwa kwamba hayuko, hata kama amekaa kwenye benchi yake.

Taabu inatoka hapo. Mara nyingi kontrolere ya akiba ina daftari yake yenyewe, na daftari ile ni tupu. Kwa SIP, lugha ya telefone nyingi za namna hii (sheria yake, RFC 3261, ilitoka mwaka 2002), telefone inaandikwa kwa muda fulani tu, mara nyingi sekunde 3600, yaani saa moja. Tuseme imejiandikisha saa nne kamili, na fundi anazima kontrolere ya kwanza saa nne na dakika tano. Telefone nyingi haziulizi kitu mpaka muda ukaribie kwisha. Kioo kinawaka vizuri, jina la mwenyewe linaonekana, lakini karibu saa nzima anayeiita haipati. Katika ofisi ya kawaida ni hasara ya feza. Kwa chumba cha kuzalisha ni mambo mengine kabisa.

Kwa hiyo kazi inaanza siku iliyotangulia. Kila telefone iandikwe anwani za kontrolere zote mbili. Kiisha tunapunguza muda kutoka sekunde 3600 mpaka 60. Angalieni: telefone inapokea muda mpya wakati wa kujiandikisha tena tu, basi tukibadilisha nusu saa mbele ya kazi, zingine hazitajua kitu. Na mbona tusiache 60 siku zote? Hesabuni wenyewe: telefone 300 kwa sekunde 3600 ni moja kila sekunde 12, kwa sekunde 60 ni tano kila sekunde. Kontrolere ndogo itachoka bure.

Saa ikifika, hatuzimi kwanza. Tunahamisha telefone wakati kontrolere ya kwanza ingali hai, kikundi kwa kikundi, tukianza na ofisi mbili tatu zisizo na haraka. Kontrolere hizo mbili ziwe zimeunganishwa, kusudi waliohama na wasiohama waweze kuitana. Kiisha tunajaribu. Kujaribu si kutazama kioo! Ni kuita: ndani kwa ndani, kutoka ndani kwenda inje, na zaidi kutoka inje kuingia, maana ile mashini inayounganisha ofisi na laini za inje inapaswa nayo kuambiwa njia mpya. Hiyo inasahauliwa sana.

Na wale wanaoongea saa ile? Mara nyingi sauti inapita moja kwa moja kati ya telefone mbili, bila kupita kwa kontrolere. Wanaweza kuendelea hata ikizimwa, ila hawataweza kupitisha mtu kwa ofisi nyingine. Kama sauti inapita ndani ya kontrolere yenyewe, inakatika palepale.

Iko neno moja tena. Kama kazi inafanywa juu ya switchi yenye kuleta umeme kwa telefone, kontrolere mbili wala kumi hazisaidii: telefone zitazimika tu. Hapo, kwa mlinzi na kwa wagonjwa tunaweka telefone ya mkono yenye batri iliyojaa na uniti ndani, na namba yake tunaibandika mlangoni mbele ya kuanza.