Kamera Ipi Yafaa kwa Kazi Ipi?

Mtu atakaye kununua kamera aghalabu huanza kwa kuuliza bei, kisha jina la kiwanda. Yafaa kwanza ajiulize jambo jingine: picha zenyewe ni za kazi gani, na kile kitakachopigwa kitakuwa umbali gani? Katika Isiolo swali hili lina uzito, kwa kuwa wengi huko hupata fedha zao kwa kuuza mifugo, na mbuzi aliyekwisha kuuzwa harudi zizini kwa sababu kamera haikufaa.

Chukua mfano wa kijana wa Bulla Pesa aliyeuza mbuzi wake ili ajifanyie kazi ya kupiga picha za arusi. Dukani anaonyeshwa kamera mbili, moja ya megapikseli 24 na nyingine ya 45, na muuzaji anamsihi achukue ile kubwa. Lakini picha ya sentimeta 10 kwa 15, ambayo watu huiweka katika albamu, huchapwa vizuri kwa megapikseli 2 tu, na ukurasa mzima wa A4 hauhitaji zaidi ya 9 hivi. Bibi arusi hataiona tofauti aliyoilipia kijana huyu. Atakachokiona ni giza, maana sherehe nyingi huendelea hata usiku, ndani ya nyumba au hema lenye taa chache.

Dawa ya giza iko katika lenzi. Kila lenzi ina namba inayoonyesha jinsi tundu lake linavyoweza kufunguka, na namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya kawaida iuzwayo pamoja na kamera, ikivutwa hadi mwisho, mara nyingi hufunguka kwa 5.6 tu. Lenzi ndogo ya milimita 50 yenye namba 1.8, ambayo ni katika zile za bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa hiyo kijana huyu angenunua kamera ya zamani kidogo, na fedha zilizobaki akazitia katika lenzi hiyo, taa ya flashi na betri ya pili, angepata chombo cha kumlisha. Betri ya pili si anasa. Arusi haimngojei mpiga picha achaji.

Kazi ya porini ni nyingine kabisa. Mnamo Januari 2016 mamia ya watu, wakiwamo wafugaji na wanafunzi, walitoka kwa siku mbili katika Isiolo, Samburu, Marsabit, Laikipia na Meru, wakawahesabu punda milia wa Grevy kwa kamera. Milia ya kila punda ni yake peke yake, kama alama za vidole vya mtu. Kila mmoja alipigwa picha ubavu wa kulia, kisha kompyuta ikalinganisha waliopigwa siku ya kwanza na walioonekana tena siku ya pili. Kwa njia hiyo ilikadiriwa kwamba walikuwapo 2,350. Mnyama huyu yumo hatarini kutoweka, na sehemu kubwa ya waliobaki duniani wamo Kenya. Hivyo picha isiyosomeka ilikuwa punda asiyehesabika.

Sasa na apimwe punda aliye mita 60 kutoka kwa mpiga picha. Lenzi kuu ya simu itashika upana wa mita 80 hivi za uwanda, na punda atakuwa doa tu katikati ya nyasi. Kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 55 itashika kama mita 24. Ikiwekwa lenzi ya milimita 300, upana hushuka hadi mita 4 na nusu, na punda hujaza zaidi ya nusu ya picha, milia yote ikionekana. Simu nyingi hudai kukuza kitu mara 30 au zaidi, lakini aghalabu sehemu kubwa ya ukuzaji huo ni kukata picha na kuitanua, si kazi ya lenzi. Mnunuzi aulize kiasi ambacho lenzi yenyewe hukuza.

Kwa askari wa wanyama au mlinzi wa hifadhi ya jamii, huenda ikafaa zaidi kamera ya kipande kimoja, yenye lenzi ndefu isiyong'oka. Ubora wake katika giza ni mdogo, lakini kazi yake ni ya mchana, na vumbi halipati mlango mpana wa kuingilia. Vumbi la Isiolo ni adui mkubwa wa kamera zinazobadilishwa lenzi. Anayelazimika kubadili afanye hivyo ndani ya gari au nyumba, mdomo wa kamera ukielekea chini. Na asipulize kwa kinywa, kwa kuwa mate hukauka na kuacha madoa. Mpira mdogo wa kupulizia hutosha. Saa na tarehe ya kamera nazo zisahihishwe, maana katika hesabu kama ile ya 2016 picha isiyo na siku wala mahali haina msaada.

Mtu wa kupiga picha za jamaa na mifugo yake nyumbani hana haja ya haya yote. Simu aliyo nayo yamtosha.

Kamera iliyokwisha kutumika isinunuliwe bila kujaribiwa. Mnunuzi aende na kadi yake mwenyewe, apige picha ya ukuta mweupe, kisha aikuze: madoa meusi yakionekana mahali pale pale katika kila picha, uchafu umo ndani. Lenzi imulikwe kwa tochi, na ikionekana mizizi kama ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, iachwe. Aulize pia kamera imekwisha kupiga picha ngapi, na risiti iandikwe namba iliyo chini ya kamera hiyo hiyo anayoondoka nayo.